Chokaa Haina Haraka

Nilivuka mpaka wa Horohoro asubuhi, na alasiri nikawa juu ya kivuko cha Likoni, naingia Mombasa. Nilikwenda kwa siku kumi tu, kujifunza utunzaji wa majengo ya kale. Mimi ni mtu wa Tongoni, Tanga. Jina lenyewe maana yake mahame, na magofu yake nimeyazoea tangu utoto.

Darasani tulielezwa mengi. Lakini nilichorudi nacho nilikipata uchochoroni, Mji wa Kale, kwa fundi mzee ambaye hakuwamo kwenye ratiba yetu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri, sikio amelitega. Palipolia kama mtungi mtupu, lipu ilikuwa imeachana na jiwe, hapo alibandua. Palipolia pazito alipaacha. Akaumwagia ukuta maji, akangoja uyanywe, akamwagia tena. Kisha akachota chokaa pipani, akaisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

“Bado ina punje,” akaniambia. “Hii mbichi, mwanangu. Ikalale.”

Akafunika pipa. Kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Nikaikumbuka nyumba ya babu: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Babu alipofariki, sisi wajukuu tulichanga tukanunua saruji (Tanga tunaichoma wenyewe pale Pongwe, nani angewaza kingine?), tukapiga lipu nyumba nzima kwa siku mbili. Tulidhani tunamuenzi. Kumbe ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na chumvi, na chokaa huuachia upumue. Saruji iliuziba. Hayakupita masika mengi, lipu ikatuna na kuanguka mabamba mazima, imeng’oa na uso wa jiwe.

Niliporudi nilikwenda kwenye makaburi ya kale ya Tongoni kabla ya kufika nyumbani. Yako kama 40, mengi yana nguzo au vipande vya nguzo. Mwaka 1499, Vasco da Gama alipoichoma moto merikebu yake São Rafael kwenye pwani hii, mji huu ulikuwa umekwisha jengwa. Nguzoni mlipachikwa mabakuli ya kauri, yamechukuliwa yote. Nilitia kidole katika kishimo kimoja. Chokaa ya ndani ni laini bado, imeshika mviringo wa bakuli ambalo halipo.

Aliyeilainisha chokaa ile hakuwa na haraka. Sisi tuna haraka ya kwenda wapi?

Nimechimba shimo la chokaa nyuma ya nyumba ya babu. Ninachokosa ni mwalimu. Kama kati ya Tanga na Pangani yupo mzee aliyewahi kupanga tanuri la chokaa kwa mikono yake, nawaomba mniambie anakaa wapi, nimfuate angali hai.