Chenga kwenye kebo: fuata waya kabla ya kununua busta

Televisheni ya kebo ikianza kutoa chenga, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: humpigia simu fundi wa kampuni, au huenda dukani kununua busta. Huenda mwishoni yote mawili yakahitajika, ila si mwanzoni. Kwanza lazima ijulikane mawimbi yanapotelea wapi: kwenye nguzo, mlangoni au ndani ya nyumba.

Tuchukue nyumba ya mfano katika mji wa mkoani: sebule, vyumba viwili vya kulala na banda la uani, kila mahali pana televisheni. Kebo ni ya analojia, inachomekwa kwenye televisheni bila king'amuzi. Kuzimwa kwa analojia nchini Tanzania, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kulihusu mitambo inayorusha matangazo angani, si mawimbi yanayopita ndani ya waya. Malalamiko ya wenye nyumba ni haya: sebuleni picha ni safi, vyumbani inaridhisha, uani chaneli za mwanzo zinaonekana lakini za mwisho zimejaa chenga, na kingo za picha zimefifia.

Malalamiko hayo tayari ni nusu ya kipimo. Televisheni inapojitafutia chaneli, kwa kawaida huzipanga kuanzia masafa ya chini kwenda ya juu. Waya wa kebo nao hula masafa ya juu zaidi kuliko ya chini. Waya wa aina ya RG-6, unaotumika sana majumbani, hupoteza takriban desibeli 5 kwa kila mita 100 kwenye megahezi 55, lakini takriban 16 kwenye megahezi 550. Kwa hiyo chaneli za mwisho zikiharibika peke yake, mshukiwa wa kwanza ni waya mrefu au mwembamba. Mambo yakigeuka, chaneli za mwanzo zikapotea na za mwisho zikabaki, shuku uzi wa shaba wa katikati kuwa umekatika au haugusi vizuri: masafa ya juu huweza kuruka pengo dogo, ya chini hushindwa. Mistari minene ya mlalo inayopanda au kushuka polepole huashiria umeme wa nyumbani, wa hezi 50, unaojipenyeza kupitia ganda la waya. Hapo usishike konekta kabla ya kuipima kwa testa.

Kivuli cha picha nacho kinapimika. Hutokea pale mawimbi yanapofika mwisho wa waya usio na kitu, au kiungo kibovu, yakarudi nyuma. Katika analojia ya PAL, mstari mmoja wa picha huchorwa kwa mikrosekunde 52, na mawimbi ndani ya waya huenda zaidi ya kilomita 240,000 kwa sekunde. Kwenye skrini yenye upana wa sentimita 70, kivuli kilichosogea kulia kwa sentimita moja kimetokana na mwangwi uliokwenda na kurudi takriban mita 180, yaani chanzo kiko umbali wa mita 90 hivi. Hakuna chumba chenye waya wa urefu huo, basi tatizo hilo ni la nguzoni. Waya wa mita 10 ulioachwa wazi ndani ya nyumba husogeza kivuli kwa milimita moja tu, na jicho huona kingo zilizofifia. Ndicho kinachoonekana uani kwetu.

Baada ya kusoma picha, fundi huigawa njia. Anaichukua televisheni ya uani, anaipeleka pale waya wa nguzoni unapoingia, anauchomoa kwenye spilita ya kwanza na kuuchomeka moja kwa moja. Picha ikiwa mbaya hapo, kazi ni ya kampuni na vifaa vya ndani haviguswi. Katika nyumba yetu picha ni safi kwa chaneli zote. Anasogea baada ya spilita ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, akitumia televisheni ileile na kipande kilekile cha waya anachokiamini. Mahali chenga zinapoanzia ndipo penye kosa, au ndipo upotevu uliojikusanya njiani unapovuka kikomo.

Mwenye mita ya mawimbi hupata namba. Kwa analojia, mafundi hutaka televisheni ipate kati ya 60 na 80 kwa kipimo cha desibeli-mikrovolti. Tuseme mlangoni panasoma 76 kwenye masafa ya chini na 73 kwenye ya juu. Spilita ya njia mbili hupunguza desibeli 3.5 hivi kwa kila tundu, ya njia nne hupunguza 7 hivi. Njia ya kwenda uani inapita spilita ya mbili, halafu ya nne, halafu tena ya mbili, kwa sababu kila televisheni mpya ilipoletwa, waya uliongezwa pale palipokuwa karibu. Hizo ni desibeli 14. Kisha kuna mita 30 za waya mwembamba wa RG-59, unaokula nyingine 6 kwenye masafa ya juu na 2 kwenye ya chini. Matokeo: masafa ya chini yanafika uani yakiwa 60, ukingoni kabisa, na ya juu 53. Chenga zimepata maelezo.

Spilita ya tatu ina tundu la pili lenye waya unaoishia barazani, ambako televisheni ilishaondolewa. Spilita ya njia nne ina tundu tupu. Waya ule wa barazani ndio unaorudisha mwangwi na kufifisha kingo.

Dawa inatokana na hesabu hiyohiyo. Spilita zote tatu zinaondolewa na kuwekwa moja ya njia nne karibu na mlango, kila televisheni ikipata waya wake wa RG-6. Njia ya uani sasa inapoteza 7 kwenye spilita na 5 hivi kwenye waya: masafa ya juu yanafika yakiwa 61, ya chini yakiwa juu ya 67. Tofauti na hali ya zamani kwenye masafa ya juu ni desibeli 8, yaani nguvu zaidi ya mara sita, na hakuna busta iliyonunuliwa. Tundu lisilotumika siku za usoni lifungwe kwa kizibo chenye ukinzani wa omu 75.

Konekta zinastahili uangalifu zaidi ya zinavyopewa. Nyuzi za ganda zisiguse uzi wa katikati hata kidogo, na uzi huo ujitokeze milimita chache kupita ukingo wa konekta. Konekta ya nje ifungwe kwa kibano, izibwe, na waya ulegezwe ufanye mkunjo wa kushuka kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondoke nje. Picha inayoharibika kila baada ya mvua na kupona jua likiwaka inaelekeza hapo.

Busta ina nafasi yake: waya mrefu usioepukika, au televisheni nyingi, wakati mawimbi mlangoni ni safi. Huwekwa kabla ya spilita. Ikiwekwa uani, inakuza mawimbi pamoja na chenga zilizokwisha kuingia, kwa maana kipaza sauti hakimponyi mwimbaji aliyekauka koo. Ikipewa mawimbi yenye nguvu kupita kiasi, inalemewa na kuchora michirizi ya mshazari kwenye chaneli zilizokuwa nzima.

Wenye kebo ya dijitali hawataona chenga wala kivuli. Picha hubaki safi hadi ukingoni, kisha ghafla hukatika vipande vya mraba au kuganda. Hapo fungua menyu ya king'amuzi: nguvu na ubora vikiwa chini vyote, tafuta upotevu kwenye waya na spilita, nguvu ikiwa juu na ubora chini, tafuta mwangwi, konekta mbovu au busta iliyozidi.

Ikithibitika kwamba mlangoni kwenyewe ni kubaya, simu kwa kampuni inapata uzito. Mwambie fundi kwamba umechomeka moja kwa moja kwenye waya wao, taja chaneli zilizoathirika, na kama kuna kivuli, sema kimesogea sentimita ngapi. Atajua apande nguzo ipi, na hatapata sababu ya kulaumu nyaya zako.