Sindano ya Shaba

Bibi alikuwa akisimulia huku anasuka ukili. Tukikaa barazani kwake, mtaa wa Shela hapa Malindi, koroboi ikiwaka, yeye akiita "Paukwa!" nasi tukiitika "Pakawa!", na mikono haisimami. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba mikono ile nayo ilikuwa ikisimulia. Hadithi ilipokaribia jambo la ajabu, mwendo wake ulipungua. Alichagua chane ya mwaa, akaitazama, akaipachika, ndipo akasema. Uchawi hakuumwaga. Aliutoa kwa kipimo, na kabla hajautoa alitaja sharti lake.

Hadithi aliyoimudu kuliko zote ni ya shujaa Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake watu wa Kipini, kule Tana inakoingia baharini, huonyesha hadi leo. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913. Bibi hakuwasoma hao wawili. Alikuwa nayo kifuani.

Liyongo ana ajabu moja tu: silaha haimuui, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Basi. Mengine yote ni akili na kazi ya mikono, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa kwanza aliyeipanga hadithi hii. Liyongo anafungwa gerezani kwa minyororo. Mtunzi mvivu angempa neno la siri, akalitamka na chuma kikakatika. Huyu anampa tupa! Mama anaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa, tupa akaificha ndani ya ule wa wishwa. Walinzi wanakula mizuri, mbaya wanamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba watu wacheze gungu, na ngoma zinapopamba moto anakereza chuma, kelele ya tupa ikimezwa na kelele ya matari. Bibi alikuwa akiigiza sauti ya tupa kwa ukucha juu ya ubao. Tulijua ni chuma kigumu, kwa hiyo kilipokatika tulipiga vigelegele.

Na pale maadui wanapomtegea kwenye kikoa cha makoma, kila mtu apande mti kwa zamu ili zamu yake ikifika wamfume huko juu, Liyongo hapai wala hatoweki. Anaangusha makoma kwa mishale, akiwa chini. Mkoma huohuo ndio uliompa bibi miyaa ya kusukia.

Siku hizi waandishi wa riwaya za ajabu hujadiliana sana kama uchawi uwekewe mipaka na gharama. Mmarekani Brandon Sanderson amefika hadi kuandika kanuni, mojawapo ikisema kwamba mpaka wa nguvu una uzito kuliko nguvu yenyewe. Naafikiana naye, ila kwangu mimi mpaka peke yake hautoshi. Nauliza umechorwa wapi. Kisigino cha Achilles, shujaa wa Wagiriki, ni mahali palipokosa maji, mama alipokuwa amemshika akimchovya. Kitovu ni kingine. Ni kovu la kuzaliwa, pale mtu alipokuwa ameungana na mamake. Na sindano inaletwa na nani? Na mwanawe Liyongo, aliyeahidiwa mke. Siri haikuvumbuliwa na adui. Baba aliitamka kwa kinywa chake, mbele ya mtoto aliyemwuliza. Sharti limewekwa palepale mtu anapopenda, ndiyo maana linauma.

Shaaban Robert alilijua hilo. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ndugu wawili wanageuzwa manyani na jini kwa hiana yao, na Adili analazimishwa kuwachapa kila usiku. Uchawi umekwisha kufanya kazi yake, lakini malipo hayaishi: mtu mwenye huruma kuliko wote ndiye aliyekabidhiwa kiboko, na wanaochapwa ni damu yake.

Nadhani wasikilizaji wa pwani hii hawakuwa rahisi kuridhika kwa sababu nguvu za siri walizokuwa nazo kweli zilikuwa na masharti. Mwaka 1913, Kijumwa akiandika utenzi wake, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama huko Kaya Fungo wakala viraho, yaani viapo, vya kuwapinga Waingereza: mukushekushe cha wanawake, fisi cha wanaume. Kiraho hakimrukii adui. Kinamshika aliyekila, na akikivunja kinamgeukia yeye. Mekatilili alikamatwa akahamishwa hadi Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu, na Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Watu waliozoea kiapo cha namna hiyo, ukiwapa shujaa anayepata kila kitu bila kutoa kitu, watasinzia.

Bibi alipofika pale pa kisimani katika hadithi ya Liyongo, aliweka ukili chini. Ndiyo mara pekee. Liyongo amechomwa usingizini, ameinuka na maumivu yake, amechukua uta na mishale, amekwenda kupiga goti karibu na kisima, ameuvuta uta, na roho imetoka hali amepiga goti. Mji mzima unamwona kwa mbali, hakuna anayethubutu kuteka maji. Wanamwomba mama aje ambembeleze mwanawe. Mama anakuja, anambembeleza, hajibiwi. Kesho anakuja tena. Mitungi imekauka. Siku ya tatu mwili unaanguka.

Bibi hakuongeza neno. Aliokota ukili wake, akatafuta pale alipoachia. Mtungi ulikuwa uani, gizani, na usiku ule tulilala na kiu.