Usipime Mfumo kwa Picha ya Kuwashia

Juzi hapa Mutakura, Bujumbura, ukumbi mzima ulipiga makofi kwa sababu kompyuta iliwaka ikaonyesha bendera ya Burundi, kisha ikafungua menyu ya Kirundi. Kijana aliyeileta alisema ameujenga mfumo endeshi wote kutoka msimbo chanzo, kuanzia kompaila hadi eneokazi. Hakuna aliyemwomba afungue terminali. Nilitoka na hasira, na hasira yenyewe si kwa kijana bali kwa waliokaa viti vya mbele wakampa alama. Kubadilisha picha ya kuwashia, jina ndani ya /etc/os-release na rangi za menyu ni kazi ya jioni moja, tena ni kazi ya halali ikiitwa kwa jina lake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, haukudai kuwa umebuni programu ya ofisi. Walisema wametafsiri, na tafsiri yao ikapimwa kama tafsiri.

Basi ukiitwa kupima mfumo uliojengwa kutoka chanzo, achana na eneokazi. Omba terminali, uandike cat /proc/version. Utapata mstari mmoja tu, na karibu kila mtu huupita akikimbilia kuona madirisha yanavyofunguka. Mimi naweza kukaa nao nusu saa.

Mstari huo huandikwa ndani ya kerneli wakati inapokompailiwa. Baada ya toleo la kerneli unataja mtumiaji na mashine iliyofanya kazi. Ukikuta buildd@ na jina refu la seva, hiyo kerneli ilitoka kwenye mitambo ya Ubuntu. Ukikuta debian-kernel@lists.debian.org, ni ya Debian. Maonyesho mengi huishia hapo, ndani ya sekunde tano. Lakini tapeli aliyekomaa anajua kuweka KBUILD_BUILD_USER na KBUILD_BUILD_HOST, akajiandika jina lake na la mtaa wake. Kwa hiyo jina lisikuridhishe, endelea kusoma.

Yanafuata mabano ya kompaila. Ndani yake unatakiwa kuona gcc (GCC) na namba ya toleo. Ukiona neno Ubuntu au Debian limejipenyeza humo, ilhali fundi ameapa kwamba alijenga GCC yake mwenyewe, umeshajua: kerneli ilikompailiwa kwa vifaa vya mwenyeji, yaani mfumo uliotumika kujengea, nje ya chroot. Wapo watakaokuuliza, kuna ubaya gani, si inawaka? Ubaya ni kwamba kompaila aliyoijenga kwa jasho haijawahi kupewa kazi nzito. Kompaila ambayo haijajenga kerneli ya mfumo wake mimi siihesabu kuwa imemalizika.

Kisha tazama alama ya # na namba iliyo mbele yake. Kerneli huhesabu mara ilizojengwa ndani ya saraka ileile, na make mrproper hufuta hesabu hiyo. Namba 40 siku ya makabidhiano inaniambia fundi alikuwa akijenga juu ya makombo ya jana. Fundi safi hujaribu anavyotaka, halafu husafisha na kujenga upya ya mwisho: #1, na kumbukumbu za majaribio yote ziko pembeni.

Ukishamaliza kerneli, pita kwenye programu zenyewe: readelf -p .comment /usr/bin/ls. Iliyozaliwa ndani ya mfumo husema GCC: (GNU) na namba. Yenye jina la mwenyeji ni ya kuazima, kama kanzu ya sherehe yenye herufi za mwenyewe zilizotariziwa kwa ndani ya kola. Na ukikuta sehemu hiyo haipo kabisa, usifurahi mapema. Debian na wanawe huiondoa wanapofungasha. Omba kumbukumbu ya ujenzi wa coreutils. Aliyejenga anayo.

Gerard Beekmans alipoanza Linux From Scratch, kitabu cha kujenga Linux kutoka chanzo, mwaka 1999 alifungua mlango ambao wengi wetu tuliingilia, na heshima yote ya kitabu hicho iko kwenye sura ambazo watu huziruka: kujenga binutils na GCC zaidi ya mara moja, ili kila hatua imwache mwenyeji nyuma zaidi. Kuna jaribio dogo humo, la kukompaili programu isiyofanya lolote na kutazama inaita kipakiaji gani. Nimewaona vijana wakilipita kwa sababu halionyeshi kitu kwenye skrini. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alieleza katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 1984 namna kompaila inavyoweza kubeba hila ambayo haionekani popote kwenye msimbo chanzo. Ndiyo maana watu wa mradi wa Guix walihangaika hadi mwaka 2023 wakaweza kuanzisha mnyororo wao wote kutoka mbegu ya baiti 357. Hao ndio mabingwa. Hawana bendera kwenye skrini.

Chanzo nacho kina utapeli wake. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Alifuatilia hadi kifurushi cha kubana data cha xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ambamo mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujenga imani ya wenzake kwa muda mrefu, alikuwa amepenyeza mlango wa nyuma. Faili la kuamsha hila hiyo, build-to-host.m4, lilikuwemo ndani ya tarboli lakini halikuwemo kwenye hazina ya git. Fundi mzuri hulinganisha hivyo viwili. Saini peke yake isingemwokoa, kwa kuwa aliyesaini ndiye aliyeficha.

Kuna mzee mmoja hapa mtaani, fundi wa zamani, ambaye huwa haangalii skrini ya mtu. Aliletewa mfumo uliosifiwa kwa kasi, akauliza, "Umeukompailia wapi, mwanangu?"

"Kwenye laptopu hii hii, mzee."

Akachomoa diski, akaichomeka kwenye Core 2 Duo yake. Programu ya kwanza ilikufa na maneno Illegal instruction. Kijana alikuwa ametumia -march=native kwa fahari. Bujumbura ni mji wa kompyuta za mitumba, na mfumo unaokataa mashine ya jirani haujajengewa watu wa hapa. Tumia -O2 na x86-64 ya kawaida. Anayejisifia -O3 bado hajakomaa.

Mpangilio wa kazi hujionyesha umeme unapokatika. Sote tunajua unakatika, na miaka hii mafuta ya jenereta yamekuwa shida. SBU moja, yaani muda wa kujenga binutils mara ya kwanza, kwenye laptopu za hapa ni dakika kadhaa, na GCC hula SBU nyingi. Skripti iliyopangwa vizuri huacha alama kila hatua inapokamilika, hivyo umeme ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Iliyoandikwa ovyo huanza tena kwenye binutils, au, vibaya zaidi, huendelea juu ya saraka iliyojengwa nusu na kukuletea hitilafu wiki mbili baadaye.

Mengine ni wazi. Tarboli haziguswi, mabadiliko yakae kwenye viraka, kila kiraka na jina lake. Hatua za mwanzo zisijengwe na root. /usr/local iwe tupu siku ya makabidhiano.

Kabla ya mikonga ya intaneti ya baharini kutua pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, Bujumbura ilitegemea setilaiti, na tarboli moja ilikuwa mali. CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta zilipita mkono hadi mkono, na aliyetaka chanzo alikinakili usiku kucha kwa rafiki. Watu walisoma faili la README hadi mwisho kwa sababu hawakuwa na kingine cha kusoma. Nawaona vijana wa sasa wana kila kitu mtandaoni na hawafungui hata kumbukumbu za configure. Kazi ya zamani ilikuwa bora, nasema hivyo bila kusita.

Kabla hujatoa alama, mwombe fundi ajenge kifurushi kimoja mara mbili mbele yako, SOURCE_DATE_EPOCH ikiwa imewekwa na waya wa mtandao umechomolewa, kisha endesha sha256sum juu ya matokeo yote mawili uone kama yanalingana. Chagua wewe kifurushi. Mimi huchagua bash.