Ngoma Iliyogawanywa: Uhakiki wa Taswira za Unyago katika Msafara wa Karl Weule, 1906

Mwaka 1906 Karl Weule, mwanaethnolojia wa Makumbusho ya Leipzig, alizuru kusini mwa koloni la Kijerumani, akipita Masasi, Newala na Mahuta, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mtwara. Alibeba kamera ya picha, kamera ya filamu na fonografu. Kitabu chake, Negerleben in Ostafrika, kilichapishwa mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikafuata mwaka 1909. Taswira zake za ngoma zinaweza kusomwa kama ushahidi wa jinsi unyago ulivyokuwa. Uhakiki huu unadai kwamba zinashuhudia zaidi jinsi ngoma ilivyogawanywa.

Katika Kiswahili, neno ngoma hubeba kwa pamoja chombo kipigwacho, uchezaji, wimbo na hafla yenyewe. Vifaa vya Weule havikuweza kuuhifadhi umoja huo. Filamu ilichukua mwendo bila sauti, fonografu ikachukua sauti bila mwili, na kinyago kilichofikishwa makumbusho kikabaki na sura bila mchezaji. Erich von Hornbostel alipozichambua, mwaka 1909, nyimbo za Wanyamwezi zilizorekodiwa na Weule, alitegemea sauti iliyokwisha kutengwa na uwanja wake.

Hasara hiyo huonekana wazi katika midimu ya Wamakonde, ambayo ng'ambo ya Ruvuma huitwa mapiko. Kwa asiyepitia jando, avaaye kinyago si jirani anayemfahamu. Maana ya mchezo hukaa katika mpaka baina ya wajuao na wasiojua. Picha humwonyesha kila mtu kinyago, lakini haimpi nafasi yoyote uwanjani: hawi mwari, hawi kungwi, wala hawi mama anayemngojea mwanawe. Aidha, kamera za wakati ule zilitegemea jua, ilhali sehemu muhimu za unyago hufanyika usiku.

Vilevile, Vita vya Majimaji (1905–1907) vilikuwa havijamalizika, na Weule alisafiri na askari. Kwa hiyo, suala la hiari ya wachezaji haliwezi kutengwa na usomaji wa picha zao.

Hata hivyo, Weule aliwahimiza Waafrika kuchora, akaichapisha michoro yao. Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi wake, aliuchora msafara wenyewe ukiwa njiani. Hapo mtazamaji naye anatazamwa. Mchoro huo unatupa njia ya kuzisoma picha za ngoma: kila moja ni kumbukumbu ya mkutano wa pande mbili, na upande ulioshika kamera umo ndani yake ingawa hauonekani.

Kutokana na hoja hizi, si halali kuzifanya picha hizo kipimo cha kuamua kwamba ngoma za leo zimepotoka. Mtafiti azirejeshe kwanza kwa makungwi, manju na wachonga vinyago wa Mtwara, ili wao waeleze ni nini kilichoachwa nje ya picha. Hapo ndipo uhakiki wa haki utakapoanzia.