Kiswahili Kilituzwa, Kongo Ikaondolewa: Michezo ya Video katika Mwaka 2011

Wahakiki wetu wamezoea kukitafuta Kiswahili vitabuni, jukwaani na katika nyimbo za redio. Hawakitafuti katika michezo ya video, ingawa huko ndiko vijana wengi wa nchi za mbali walikokisikia kwa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikumbushwa jambo hilo Mavivi, tulipokuwa tukingoja ndege katika uwanja wa Beni. Mwanafunzi mmoja aliyesafiri nami alinisikilizisha wimbo katika simu yake, kisha akauliza: "Mwalimu, hiki ni Kiswahili cha wapi?" Lilikuwa swali halisi la isimu, nami sikuwa na jibu la haraka.

Wimbo huo ni "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kuwa ufunguzi wa mchezo Civilization IV wa mwaka 2005. Maneno yake yametokana na Sala ya Bwana. Ulirekodiwa upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini katika albamu Calling All Dawns ya mwaka 2009, na mwezi wa Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwamba muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video upewe tuzo hiyo. Magazeti yalishangilia, na Waswahili tukashangilia pamoja nayo.

Uzuri wa muziki wenyewe sina haja ya kuubishia. Lakini msikilizaji anayeijua sala hiyo atatambua kwamba sentensi zake zimekatwakatwa. Kirejeshi "uliye" kimetenganishwa na kijalizo chake, na jina la Yesu limepachikwa katikati, ingawa katika Injili Yesu ndiye anayeifundisha sala hiyo, wala siye anayeombwa. Mahali pengine nomino yenye kiambishi tamati cha mahali inafuatwa na kimilikishi chenye y-, pale ambapo sarufi sanifu ingetaka kw- au mw-. Yafaa tuwe waangalifu hapa, tusije tukajifanya askari wa sarufi. Makwaya ya parokia zetu, toka Butembo hadi Oicha, nayo huyakata maneno ili yafuate sauti. Tena, upatanisho wa ngeli za mahali umekwisha kufifia katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo: mtoto wa Mavivi husema "mu nyumba yetu", wala hajioni amekosea. Tofauti ni kwamba "mu nyumba yetu" ina mfumo, nayo husemwa na watu wanaoelewana. Umbo lililomo katika wimbo si la Unguja wala la Kivu. Lugha imegeuzwa kuwa ala ya muziki, na hilo ndilo jibu ambalo ningempa mwanafunzi yule.

Ala hiyo inatumika wapi? Katika Civilization IV, ilipotoka, mchezaji alichagua moja kati ya staarabu 18. Afrika iliwakilishwa na Misri na Mali, Waswahili hawakuwamo. Basi lugha inafungua mlango wa historia ya binadamu, na wasemaji wake wanabaki nje. Civilization VI ya mwaka 2016 imeiweka Zanzibar kama dola-mji, na faida ya kuwa mlinzi wake ni kupata karafuu na mdalasini. Kutoka sala tumefika kwenye viungo vya pilau!

Katika mwaka huo huo wa 2011, mwezi wa Septemba, ulitoka mchezo mwingine. Phone Story, kazi ya Paolo Pedercini na jina lake la usanii Molleindustria, ni mchezo mdogo wa simu unaosimulia maisha ya simu yenyewe, kuanzia machimbo ya koltani nchini Kongo, kupitia kiwanda cha China na duka la wanunuzi, hadi jalala la Pakistani. Katika sehemu ya Kongo mchezaji anapewa nafasi ya walinzi wenye silaha: mtoto akiacha kuchimba, humkemea hadi arudi kazini. Siku chache baada ya kuukubali, Apple iliuondoa katika duka lake, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba unaonyesha kudhulumiwa kwa watoto.

Msomaji wa Kivu Kaskazini hawezi kupita hapo bila kusimama. Usiku ule wa Grammy uchimbaji wa madini ulikuwa umesimamishwa katika mkoa wetu, Kivu Kusini na Maniema, kwa amri ya Rais Joseph Kabila ya Septemba 2010. Amri hiyo iliondolewa Machi 2011. Nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kelele. Koltani ilipopanda bei ghafla mwaka 2000, mwaka ambao PlayStation 2 ilitoka, walitokea watu walioita vita vyetu vita vya PlayStation. Ni kurahisisha mno, kwa sababu simu na kompyuta nazo zilihitaji madini hayo, na vita vyetu vilikuwa na mizizi mingine mingi. Hata hivyo, kwamba vifaa vya kuchezea vina chembe za milima yetu ni jambo lisilokanushika.

Kwa maoni yangu Phone Story, pamoja na ubaya wa picha zake, ni kazi ya ukweli zaidi kuliko Civilization IV, kwa kuwa inamfanya mchezaji atende uovu anaonufaika nao. Ila nayo ina kasoro, na kwetu sisi wa lugha ni kasoro kubwa. Anayesimulia ni simu. Watoto wanapiga nyundo tu, hawatamki neno. Wangepewa kusema, mtungaji angelazimika kuuliza wanasema Kiswahili gani, "mu shimo" au "shimoni", na kumtafuta mtu wa huku amjibu.

Tulipoitwa kupanda ndege mwanafunzi yule alikuwa bado anausikiliza wimbo. Aliniomba nimwandikie maneno yake kwa sarufi sanifu. Nilimwambia ayaandike kwanza kama anavyosali kwao.