Umbo Linapozaa Maana: Mfano wa Space Invaders

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, fani na maudhui aghalabu hutenganishwa kana kwamba moja ni chombo na jingine ni kilichomo. Makala haya yanadai kuwa utengano huo hauna mashiko. Ushahidi wetu tunautoa mahali pasipotarajiwa: Space Invaders, mchezo wa kielektroniki wa kufyatua risasi uliobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito, nchini Japani, mwaka wa 1978.

Kisa chake ni sahili. Viumbe 55 wa angani, katika safu 5, hushuka kwa nidhamu ya jeshi. Mchezaji ana mzinga mmoja na kuta 4 za kujikinga. Hata hivyo, kichakataji cha Intel 8080 kilichotumika hakikumudu kuwasogeza viumbe wote kwa pamoja. Kila picha ilipochorwa upya, mmoja tu ndiye aliyesogea. Hivyo basi, kadiri walivyopungua, ndivyo waliosalia walivyozidi kwenda kasi. Nishikado aliuona udhaifu huo wa mashine, akauacha. Katika uteuzi huo ndimo ulimo usanii wake.

Maana inayozaliwa hapa ni ya kikinaya. Kila adui anayeuawa huwaongezea mbio wenzake, na kiumbe wa mwisho hutisha kuliko jeshi zima. Noti nne za besi zinazojirudia huharakishwa pia, mithili ya moyo unaodunda kwa hofu. Aidha, risasi za mchezaji mwenyewe huzimega kuta zinazomsitiri. Kundi moja likiisha, jingine huja. Hakuna mwisho ila kushindwa. Hii ni tanzia iliyojengwa kwa mwendo, bila msimulizi.

Hatudai kwamba kazi hii haina upungufu. Nishikado aliwachora maadui wake akiathiriwa na viumbe mfano wa pweza katika The War of the Worlds (1898), riwaya ya H. G. Wells. Wells aliwakumbusha wasomaji wake maangamizi ya wenyeji wa Tasmania mikononi mwa wahamiaji wa Kizungu. Mvamizi wake alikuwa kioo cha ukoloni. Katika mchezo huu kioo hicho kimeondolewa, na mvamizi amebaki shabaha tu, hana sauti wala sababu. Mhakiki anayetoka katika nchi iliyowahi kutawaliwa hawezi kulifumbia macho pengo hilo. Lakini hata hapo, umbo linasema jambo ambalo kisa kimelinyamazia: kuangamiza hakumletei mwangamizaji usalama.

Funzo kwa taaluma yetu ni bayana. Tunapohakiki mizani ya utenzi, haitoshi kuhesabu silabi na kuthibitisha kwamba kanuni imefuatwa. Sharti tuulize kanuni hiyo, kwa kumbana mtunzi, imemwezesha kusema nini.