Mwisho Usioahidiwa: Mvuto wa Hadithi Isiyotabirika na Namna ya Kuifundisha

Utangulizi

Mwalimu anayesahihisha insha za methali huzoea mwisho wa aina moja. Kijana aliyepuuza ushauri wa wazazi anafungwa gerezani, anaambukizwa ukimwi au anafariki katika ajali ya barabarani. Mwenzake aliyetii anafuzu chuo kikuu na kupata kazi nzuri. Halafu inafuata sentensi ya kutukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisa cha namna hii huwa kimekwisha kabla ya kuanza, kwa kuwa msomaji hana sababu ya kuuliza kitakachofuata.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi yuyo huyo, akisimuliwa kisa ambacho hajui kitaishia wapi, husahau hata kengele ya mapumziko. Ni kitu gani kinachomnasa? Na je, kitu hicho kina faida yoyote kwa mtahiniwa ambaye tayari amekisoma kitabu teule mara nne na anaujua mwisho wake? Makala haya yanashikilia kwamba mvuto wa hadithi isiyotabirika hautokani na huzuni wala na mshangao pekee. Unatokana na jambo hili: pale ambapo heri haikuahidiwa, msomaji hulazimika kuupima kila uamuzi wa mhusika. Pale ilipoahidiwa, hukaa tu akaingoja.

Jadi yetu haikuahidi heri daima

Wapo wanaodai kuwa mwisho wa kusikitisha ni mtindo wa kigeni, na kwamba masimulizi yetu yaliishia raha mustarehe. Ni kweli kwamba ngano nyingi huishia hivyo. Hata hivyo, shujaa mashuhuri kuliko wote katika mighani ya Waswahili, Fumo Liyongo, anauawa na mwanawe wa kumzaa. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kijana huyo anaahidiwa cheo na mke, naye anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuutega mshale katika upinde wake, na katika hali hiyo anakata roho. Watu hawathubutu kwenda kuteka maji kwa kudhani kuwa yu hai.

Tuzingatie kwamba silaha za kawaida hazimdhuru Liyongo. Msimulizi angeweza kumwokoa kwa urahisi. Badala yake anamfanya Liyongo mwenyewe amfichulie mwanawe siri ya kifo chake, hali anashuku sababu ya kuulizwa. Hapo ndipo hadhira hushika tama: kwa nini alisema? Ni mapenzi ya mzazi, ni kiburi, au ni kuchoka? Hata adhabu inayompata msaliti haimrudishi Liyongo wala haijibu swali hilo. Mighani hii imedumu kwa sababu inaliacha swali hilo mikononi mwetu.

Shaaban Robert na mwisho unaojulikana

Haitakuwa haki kudai kwamba kila kazi yenye mwisho wa heri haina mvuto. Katika Adili na Nduguze (1952), majina ya wahusika yametoa hukumu mapema. Anayeitwa Adili hawezi kuwa mwovu, na ndugu zake, Hasidi na Mwivu, wamejulikana tabia tangu walipotajwa. Hatuna shaka wema utashinda. Lakini Shaaban Robert alijua kuwa msomaji hawezi kunaswa kwa uhakika huo peke yake. Ndiyo maana tunaonyeshwa mtu mwema akiwachapa manyani wawili kila usiku, nasi hatujui sababu yake. Taharuki imehamishwa kutoka mwishoni ikawekwa kwenye chanzo. Swali si nani atashinda, bali mtu kama huyu amefikaje hapa.

Kwa hivyo, mwalimu anapofundisha taharuki asiifafanue tu kama hali ya kutojua mwisho. Taharuki ni swali lolote ambalo mwandishi amelipanda na kuchelewesha jibu lake.

Kezilahabi avunja ahadi

Aliyeitikisa desturi ya mwisho wa heri katika riwaya ya Kiswahili ni Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971, ilizua mzozo hata ikapigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda. Rosa ni msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali kupita kiasi. Anamchunga bintiye kwa kipigo, na kosa la kuandikiwa barua na mvulana linatosha kumtia Rosa mashakani. Anapofika mahali ambapo jicho la baba halimfikii, Rosa hajui kujichunga, kwa maana hakuwahi kufunzwa. Mwishowe anajiua.

Katika madarasa mengi kifo hiki hufupishwa kwa sentensi moja: Rosa alikufa kwa sababu ya uasherati. Sentensi hiyo inaifanya riwaya ya Kezilahabi kuwa insha ya methali. Inawafutia hatia Zakaria aliyemlea binti kwa hofu, wanaume waliomtumia na mchumba aliyempima kwa ubikira wake peke yake. Tena inafanya jambo zito zaidi. Darasani huenda ameketi msichana anayeishi chini ya Zakaria wa aina yake. Tunapomwambia kuwa Rosa alistahili alichokipata, tunamfundisha kuwa naye akiteleza hana pa kurudi. Riwaya haisemi hivyo. Riwaya inatuonyesha milango kadhaa ambayo ingeweza kufunguliwa na watu waliotajwa kwa majina, nao hawakuifungua. Hatuwezi kuiona milango hiyo ikiwa tumeshaamua kwamba mwisho haungeweza kuwa mwingine.

Katika Kichwamaji (1974) Kezilahabi alikwenda mbali zaidi. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, ana kisasi na Manase aliyemharibia maisha dada yake, Rukia. Msomaji aliyezoea visa vya kisasi hutarajia Manase aadhibiwe au Kazimoto asamehe. Hakuna kati ya hayo linalotokea kwa njia iliyotarajiwa: Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase, na maradhi yaliyoanzia kwa Manase yanaifikia ndoa hiyo. Zaidi ya hayo, anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, na mwishoni anajiua. Nafsi ya kwanza, ambayo kwa kawaida humhakikishia msomaji kwamba msimulizi alinusurika, hapa haikumkinga.

Mwisho unaojulikana lakini haujaamuliwa

Turejee kwa mtahiniwa anayeujua mwisho. Tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein inamfaa sana. Kila mtazamaji aliyesoma historia anajua kwamba Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliishia kwa Wajerumani kushinda. Mwandishi hana mshangao wa kutuletea kuhusu matokeo ya vita. Hata hivyo, tunakaa kwenye ncha ya kiti Kinjeketile anapotakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ameingiwa na shaka. Watu wamekufa. Akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa vita vya baba zao havikuwa na maana. Akikataa, anaukingia kifua uongo uliowaua wenziwe. Anakataa.

Hapa kuna tofauti ambayo mwanafunzi anafaa kuielewa. Kujua kilichotokea si sawa na kuona kwamba kililazimika kutokea. Mhusika aliyechorwa vyema huonekana ana hiari kila tunapoisoma kazi yake, hata mara ya kumi. Mhusika bapa ndiye anayekwisha pindi tunapoujua mwisho wake.

Je, vijana hawahitaji matumaini?

Baadhi ya walimu huhofia kuwa visa vya namna hii vinawavunja moyo vijana. Hofu hiyo ina msingi, hasa panapotajwa kujiua, na mwalimu hana budi kuwa karibu na wanafunzi wake katika mijadala hiyo. Lakini dawa yake si kuwapa heri ya kulazimisha. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, riwaya iliyowahi kutahiniwa katika shule zetu, Kongowea anampoteza mama yake huko Tanga, ananyanyaswa, kisha anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Methali inasema siku njema huonekana asubuhi, ilhali asubuhi yake ilikuwa chungu. Mwisho wa riwaya una heri, nasi tunaipokea kwa furaha kwa sababu njiani hakuna aliyetuhakikishia kuwa ingefika. Aliyehakikishiwa hana haja ya kutumaini.

Kwa upande mwingine, mwisho wa kusikitisha nao unaweza kuwa wa kukaririwa. Insha tuliyoitaja mwanzoni, ambayo mkosaji lazima afe, inatabirika sawa na ngano ya raha mustarehe. Kuua wahusika hakuifanyi hadithi kuwa ya kina.

Mapendekezo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kwanza, mwalimu asimame kwenye kilele cha mgogoro kabla ya kusoma sura za mwisho, awaombe wanafunzi wapendekeze miisho mitatu, kila mmoja ukiungwa mkono na tukio au kauli iliyokwisha kutokea kitabuni. Zoezi hili huwafundisha msuko kuliko muhtasari wowote wa mwongozo.

Pili, mtahiniwa anapojibu swali kuhusu hatima ya mhusika, ajiepushe na neno "alistahili" mpaka atakapoonyesha ni nani wengine waliochangia. Linganisha: "Rosa alikufa kwa sababu ya tabia mbaya" na "Kifo cha Rosa kimeandaliwa na malezi ya hofu, unyonyaji wa wanaume na uamuzi wake mwenyewe." Jibu la pili linamwonyesha mtahini hoja tatu za kutolea mifano.

Tatu, katika insha, mwandishi chipukizi ampe mhusika wake angalau uamuzi mmoja mgumu ambao ungeweza kwenda upande wowote. Methali itathibitishwa bila shaka, kwa kuwa swali linadai hivyo, lakini itathibitishwa na mtu aliyechagua.

Hitimisho

Tumezoea kuwauliza wanafunzi, "Hadithi hii ina funzo gani?" Swali hilo lisitupwe, ila litanguliwe na jingine: "Ni wapi mambo yangeweza kwenda vingine, na nani alikuwa na uwezo wa kuyageuza?" Mwanafunzi anayeweza kulijibu la pili kwa ushahidi wa kitabu atalijibu la kwanza bila kukariri.